Shahidi Akidanganya Mahakamani, Nani Hulipa?

Bob Ewell anaombwa aandike jina lake kwenye bahasha. Anaandika bila wasiwasi, na jaji anabaki kuutazama mkono wake. Ni wa kushoto. Binti yake Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, pigo ambalo mtu akisimama mbele yake angelitoa kwa mkono wa kushoto. Tom Robinson, mtu mweusi anayeshtakiwa kumbaka Mayella, naye mkono wake wa kushoto ulinaswa na mashine ya pamba akiwa mtoto, na tangu hapo haufanyi kazi. Kila mwenye macho katika ukumbi ule ameshaelewa nani alimpiga binti. Kisha juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, inatoka kushauriana, inarudi, na inamkuta Tom na hatia.

Riwaya hiyo ni To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, iliyochapishwa mwaka 1960, na kisa chake kinatokea Alabama, Marekani, katika miaka ya 1930. Riwaya nyingi za mahakamani humzoesha msomaji utaratibu mwingine: wakili anauliza swali moja kali, shahidi anatokwa na jasho, anakiri, watu wanashangilia, mwongo anafungwa. Lee alikataa njia hiyo nyepesi. Kwake uongo unaanikwa mchana kweupe na bado unashinda, na anayeulipia ni mtu ambaye hakuusema.

Nimeanza na kitabu hicho kwa sababu kinaingia moja kwa moja kwenye jambo ambalo hapa Uganda tunalijua nusunusu. Ukimuuliza mtu yeyote anayesubiri zamu yake nje ya mahakama, atakwambia kwamba kudanganya mbele ya hakimu ni kosa na adhabu yake ni jela. Ni kweli. Lakini muulize tena ni mara ngapi amesikia shahidi aliyefungwa kwa uongo wake. Atanyamaza. Kati ya sheria ilivyoandikwa na ukimya huo kuna mambo mengi ya kufafanua, na nadhani la kwanza ni hili: adhabu kubwa ya uongo wa kizimbani mara nyingi si jela. Ni kwamba uongo huo unaiua hata kweli iliyotoka kinywani humo humo.

Tuanze na nani anayeamua. Uganda haina juri. Jaji au hakimu ndiye anayemsikiliza shahidi, ndiye anayeamua amwamini au la, na ni lazima aandike sababu zake katika hukumu. Juri ya kwenye riwaya haikulazimika kumweleza mtu yeyote kwa nini iliupuuza mkono wa Tom. Ingekuwa hapa, jaji angepaswa kuutaja mkono ule katika hukumu yake, na asipoutaja, wakili angekuwa na jambo la kushika kwenye rufaa. Mahakama ya kwanza ya rufaa haipokei tu maneno ya jaji wa chini. Ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikumwona shahidi akizungumza. Kwa hiyo uongo uliopita kwenye ukumbi unaweza kunaswa miaka miwili baadaye na watu waliosoma karatasi tu. Ni ulinzi wa kweli, ingawa yule anayesubiri rufaa gerezani haoni wepesi wowote ndani yake.

Jaji anajuaje kwamba shahidi anadanganya? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hasa waliozoea sinema. Tunadhani kupingana kwa maneno ni uongo. Shahidi mmoja anasema mshtakiwa alivaa shati jeupe, mwingine anasema la manjano, basi tunaguna: wamepangwa hao! Mahakama haziendi hivyo. Kanuni inayonukuliwa karibu kila siku katika mahakama zetu ilitoka Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa ya mwaka 1969 ya Alfred Tajar dhidi ya Uganda. Kanuni hiyo inasema kupingana kudogo hupuuzwa, isipokuwa kama kunaonyesha kwamba shahidi amekusudia kudanganya. Kupingana kukubwa, kunakogusa kiini cha kesi, kusipopata maelezo ya kuridhisha, kwa kawaida humfanya shahidi huyo akataliwe.

Kwa hiyo kuna maswali mawili. Jambo linalopingana lina uzito gani? Na nyuma yake kuna kusahau au kuna kusudi? Rangi ya shati usiku wa fujo ni kitu kidogo. Lakini shahidi aliyewaambia polisi kwamba hakumtambua mvamizi, kisha miezi minane baadaye akamtaja kwa jina na ukoo, huyo atatakiwa aeleze vizuri sana.

Tena kuna kupingana ambako hakutoki kwa shahidi kabisa. Mfanyabiashara kutoka Arua anatoa ushahidi Kampala kwa Kiswahili. Anasema tukio lilitokea saa mbili usiku. Hesabu yetu ya saa inaanza alfajiri na machweo, lakini maelezo ya polisi yaliandikwa kwa Kiingereza na askari aliyekuwa na haraka, naye akaandika saa mbili kama anavyoisoma kwenye simu yake, yaani saa nane za usiku. Siku ya kesi wakili wa upande wa pili anayainua maelezo yale juu: "Ulipokwenda polisi ulitaja usiku wa manane, leo unasema mapema jioni. Ni lini ulidanganya, Mzee?" Mzee hakudanganya popote. Mkalimani makini atalinyoosha mara moja, mzembe ataliacha likae kwenye kumbukumbu za mahakama. Ninawaomba mlio na kesi, na Kiswahili ndiyo lugha mnayoitumia mahakamani: mkisomewa maelezo yenu polisi, uliza saa imeandikwaje. Usitie sahihi kabla hujajibiwa.

Kuna pia shahidi mkweli aliyekosea. Katika kesi ya Abdalla Nabulere ya mwaka 1979, mahakama iliweka wazi namna ya kupima ushahidi wa mtu anayesema alimwona mhalifu: mwanga ulikuwaje, umbali ulikuwa kiasi gani, alimwangalia kwa muda gani, na je, alimfahamu kabla. Sababu yake ni kwamba shahidi aliyekosea huwa na uhakika uleule wa shahidi anayesema kweli. Hatetemeki, hababaiki, kwa kuwa hana anachoficha. Ukimsaka mwongo kwa kuangalia nani anatokwa na jasho, utamkosa huyu, na pengine utamkamata mwanakijiji mwenye kweli yake ambaye hajawahi kusimama mbele ya jaji maishani.

Sasa tuje kwenye uongo wenyewe, ule wa kutafuta faida. Mayella Ewell alidanganya kuficha aibu: alimkumbatia mtu mweusi katika mji ambao haukusamehe jambo hilo, baba yake akaona, akampiga. Baba alidanganya ili apate heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kwetu faida inayotafutwa mara nyingi huwa na ukubwa wa futi mia kwa hamsini. Ni ardhi. Mirathi hufuata, na chuki za majirani mara nyingi ni ardhi hiyohiyo iliyovaa nguo nyingine.

Chukua mfano ambao nimeutunga, ingawa mawakili wa ardhi watautambua. Mama mmoja mjane wa Bweyogerere alinunua kibanja, yaani kipande cha ardhi ambacho mkaaji humlipia mwenye ardhi kodi, na marehemu mume wake mwaka 1996. Walinunua kweli, kwa fedha zao. Mkataba ukaliwa na mchwa. Mwaka huu mtu amejitokeza na karatasi zake akidai eneo ni lake, na kijana wa mama, kwa kumpenda mama yake, anakwenda kutengeneza mkataba mpya wenye tarehe ya zamani. Anauchovya kwenye chai ili uonekane mzee. Anapata na muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mama anapanda kizimbani, anaapa, anauonyesha.

"Mama, mkataba huu mliuandika mwaka gani?"

"Tisini na sita, mheshimiwa."

"Siku hiyohiyo muhuri ukapigwa?"

"Siku hiyohiyo."

"Tusomee wilaya iliyo kwenye muhuri."

"Wakiso."

Wakili anakaa chini. Haulizi zaidi, na hana haja. Wilaya ya Wakiso ilimegwa kutoka Mpigi mwaka 2000. Mwaka 1996 hakukuwa na mwenyekiti wa kijiji chochote mwenye muhuri wa Wilaya ya Wakiso. Wakili akitaka kukazia zaidi anaweza kuonyesha namba ya simu ya shahidi wa mauziano iliyoandikwa pembeni, inayoanza na 077, wakati kampuni ya MTN ilianza kazi Uganda mwaka 1998. Karatasi za uongo hukamatwa hivyo, kwa vitu ambavyo aliyezitengeneza hakuvifikiria kwa sababu kwake vilikuwepo siku zote. Kijana yule pengine alikuwa mtoto wa shule ya msingi Wakiso ilipoanza kuitwa wilaya.

Linaloniuma katika mfano huu ni kwamba mama ana haki. Angeweza kuithibitisha bila karatasi. Kuna majirani waliokuwepo siku ya kununua. Kuna stakabadhi za busuulu, ile kodi ya kibanja, kama alikuwa akilipa. Kuna kaburi la mume wake, mibuni aliyoipanda, na miti ya mpaka ambayo umri wake unaonekana. Mahakama zetu katika kesi za ardhi hutakiwa kwenda kuliona eneo lenyewe, na Jaji Mkuu alilisisitiza hilo kwa mwongozo wa mwaka 2007. Jaji angekanyaga ardhi ile, angeona. Baada ya muhuri wa Wakiso, hata akienda, atayatazama makaburi yale kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja. Majirani waliokuja kusema kweli watahesabiwa kuwa wenzake. Na kijana anaweza kushtakiwa kwa kughushi.

Uzito huu unaonekana zaidi kwenye hati ya kiapo, ile karatasi unayotia sahihi mbele ya kamishna wa viapo na kuipeleka mahakamani badala ya kusimama mwenyewe. Uamuzi wa Bitaitana dhidi ya Kananura wa mwaka 1977 ulikuwa mkali: hati ya kiapo si kitu cha kuchezewa, na ikiwa na uongo ulio wazi, hati nzima hutiliwa shaka. Neno moja la uongo katika aya ya tisa linaweza kuziangusha aya nane za kweli zilizotangulia. Baadaye mahakama zililegeza kidogo. Katika kesi ya kupinga matokeo ya urais ya mwaka 2001, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sehemu mbovu ya hati inaweza kukatwa na sehemu iliyo safi ikabaki. Binafsi naona ulegezaji huo ni wa haki, kwa kuwa hati nyingi huandikwa na makarani kwa lugha ambayo mwenye kuapa haisomi. Lakini asiutegemee mtu. Kukata kunafanyika pale jaji anapoona inawezekana kuutenga uongo. Kama uongo ndio nguzo ya kesi, hakuna cha kubakiza.

Na jela je? Kanuni ya Adhabu ya Uganda inaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayetoa ushahidi wa uongo mahakamani, na adhabu hiyohiyo kwa anayemshawishi mwingine autoe. Ila mwendesha mashtaka ana kazi nzito. Ni lazima aonyeshe kwamba maneno yalikuwa ya uongo, kwamba aliyeyasema alijua ni ya uongo, na kwamba yaligusa jambo la msingi katika kesi, si umri wake au jina la mtaa. Zaidi ya hapo, shahidi mmoja peke yake hatoshi kumtia mtu hatiani kwa kosa hili. Lazima kuwe na kitu kingine cha kuunga mkono. Muhuri wa Wakiso ungefaa sana. Neno la jirani dhidi ya neno la jirani halifai. Ndiyo maana kesi hizi ni nadra, na ndiyo maana watu wengi wanahesabu kwamba kudanganya hakuna hatari.

Wala huwezi kumshtaki shahidi kwa kukuchafulia jina kutokana na aliyoyasema kizimbani. Sheria inamkinga shahidi dhidi ya kesi za kashfa, hata kama maneno yake yalikuwa ya kikatili. Wengi wakiambiwa hivi wanakasirika, na nawaelewa. Lakini bila kinga hiyo mjane gani angethubutu kutoa ushahidi dhidi ya tajiri mwenye mawakili watano? Ameachiwa njia nyingine yule aliyeonewa. Kama mtu alianzisha mashtaka dhidi yako kwa nia mbaya, bila sababu ya msingi, na kesi ikaisha kwa ushindi wako, unaweza kumdai fidia. Ni njia ndefu inayohitaji fedha na moyo, na haianzi mpaka kesi ya kwanza iishe.

Kabla haijaisha, aliyesingiziwa yuko wapi? Yuko rumande. Hili ndilo natamani kila anayefikiria kumzushia jirani kesi alikalie kitako. Katiba inasema mtu anayeshtakiwa kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, akikaa rumande siku 180 kabla kesi yake haijapelekwa Mahakama Kuu, ni lazima aachiwe kwa dhamana. Zisome tena: siku 180. Karibu miezi sita ya gereza la Luzira kabla hata haki hiyo ya dhamana ya lazima haijafika, kabla shahidi yeyote hajaapa. Uongo uliosemwa mezani kwa polisi kwa dakika kumi umeshafanya kazi yake. Duka limefungwa, ada za watoto hazikulipwa, na mpaka wa shamba umesogezwa huku mwenyewe hayupo. Aliyezusha anaweza hata asifike mahakamani kutoa ushahidi. Kesi inafutwa, na yeye alishapata alichokitaka. Katika riwaya, Tom Robinson hakuisubiri rufaa. Alipigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani.

Tom ananipeleka kwenye fundo lingine. Uongo wa mshtakiwa si lazima uwe ushahidi wa hatia. Mtu anaweza kudanganya alikuwa wapi usiku ule kwa sababu alikuwa nyumba ambayo mke wake haijui. Anaweza kudanganya kwa woga tu wa askari. Jaji anaruhusiwa kuutazama uongo huo na kuuliza unaelekeza wapi, lakini mzigo wa kuthibitisha hatia unabaki kwa upande wa mashtaka, na uongo peke yake haumfungi mtu. Kinyume chake nacho ni kweli. Tom alisema kweli tupu, kwamba alimsaidia Mayella kazi kwa sababu alimwonea huruma, na kweli hiyo ndiyo iliyowakera wazungu wa juri kuliko uongo wote uliosemwa siku ile.

Na kuna jambo siwezi kuliacha, kwa sababu nimewasikia watu wakilitumia vibaya. Kisa cha Mayella kisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wanawake wanaolalamika kubakwa ni waongo. Kwa miongo mingi mahakama za Afrika Mashariki zilikuwa na kanuni iliyomtaka jaji ajionye kabla ya kuutegemea ushahidi wa mwanamke katika kesi za namna hiyo, kana kwamba jinsia yenyewe ni dosari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama ya Rufani ya Kenya na Mahakama Kuu ya Uganda zote zilisema kanuni hiyo ni ya kibaguzi na haipatani na katiba. Sawasawa kabisa. Mwanamke apimwe kama shahidi mwingine yeyote: maelezo yake yanashikana? Yanaungwa mkono na daktari, na majirani, na hali ya mahali? Mayella aliumbuliwa na alama za usoni mwake mwenyewe, na kabila lolote au jinsia yoyote ingeumbuka kwa alama zile.

Limebaki swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, kama uongo umeshaingia kwenye jalada, wakili wangu atanifichia? Hatafanya hivyo, na hapaswi. Kanuni za mwenendo wa mawakili wa Uganda zinamkataza wakili kuweka katika hati ya kiapo jambo analojua ni la uongo, na akigundua kwamba mtu ameapa uongo mbele ya mahakama, anatakiwa kuijulisha mahakama. Kwa hiyo mwambieni mapema. Karatasi ambayo haijapokelewa kama kielelezo inaweza kuondolewa. Shahidi akiwa bado anaongozwa na wakili wake anaweza kusahihisha alichoandikisha polisi na kueleza kwa nini anakisahihisha, na jaji ataupima usahihisho huo tofauti kabisa na ule unaong'olewa kwake kwa maswali ya wakili wa upande wa pili. Yule mama wa Bweyogerere, asubuhi ile kabla ya kuapa, alikuwa bado na majirani wake, miti yake na kaburi la mume wake. Kilichotakiwa ni kumrudishia kijana mkataba wake na kwenda kuwaita majirani.